UZI: "Kazi ni za vijana wetu." Historia ya ahadi hiyo, kutoka reli ya Voi hadi umeme wa nyuklia

1/ Kila mara mjadala wa nyuklia unapopanda jukwaani huku Pwani, kuna sentensi moja haikosi: "Mradi ukija, kazi ni za vijana wetu." Anayeunga mkono anaisema kwa kipaza sauti. Anayepinga naye anauliza, "kazi gani hizo?" Halafu ni kelele mpaka mkutano uishe. Uzi huu si wa kukuambia uunge mkono nyuklia au uipinge. Ni historia ya hiyo sentensi. Nitaanzia Voi, kwa sababu sisi wa Taita Taveta tumeisikia zaidi ya mara moja.

2/ Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nini. Kenya ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, mwaka 1965. Mwaka 2010 serikali iliunda kamati ya umeme wa nyuklia. 2012 ikawa bodi. Sheria ya Kawi ya 2019 ikaifanya wakala, ndio hii NuPEA. Uyombo kule Kilifi ikatajwa kuwa eneo la mtambo, wenyeji wakapinga, na 2024 wakaandamana. Baadaye Siaya nayo ikaanza kutajwa. Ratiba iliyotangazwa ilisema ujenzi 2027 na umeme 2034.

3/ Utauliza Voi inaingia wapi. Kilifi ni jirani yetu, na kila mradi mkubwa wa Pwani unapita mlangoni petu: reli, barabara kuu, bomba la mafuta, nyaya za umeme. Kwa hiyo hapa kuna kumbukumbu ya zaidi ya miaka 120 ya jinsi miradi mikubwa inavyogawa kazi. Nani alishika ramani, nani alishika nyundo, nani alishika jembe. Tuifungue.

4/ Mradi wa kwanza: Reli ya Uganda. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na reli ikafika Kisumu Desemba 1901. Machi 1898 mhandisi John Patterson alipotumwa kujenga daraja la Tsavo, reli ilikuwa imeshaipita Voi. Watu wengi wanaikumbuka Tsavo kwa simba waliokula watu. Mimi nataka utazame waliokuwa kwenye mahema yale: wafanyakazi wa kandarasi kutoka India. Waliletwa 31,983 kwa jumla. Karibu 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha.

5/ Kwa nini waliletwa kutoka ng'ambo ya bahari na watu walikuwa hapa hapa? Jibu rahisi la jukwaani ni "ubaguzi". Ubaguzi ulikuwepo, hakuna ubishi. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo inatuhusu leo. India ilikuwa imejenga reli tangu miaka ya 1850. Kufikia 1896 kulikuwa na kizazi kizima cha maseremala, waashi, wahunzi na makarani waliojua kazi ya reli. Waingereza walikuwa na haraka. Mwenye haraka hafundishi, anaajiri anayejua tayari.

6/ Mababu zetu hawakukosa kazi kabisa. Walifyeka msitu, walibeba mizigo, waliuza chakula pale kilipokuwepo, maana miaka ile pia kulikuwa na njaa kubwa. Lakini mpangilio ulikuwa umeshawekwa: Mzungu juu na ramani, Mhindi katikati na ufundi na ukarani, Mwafrika chini na jembe. Wahindi zaidi ya 6,700 walibaki baada ya kandarasi, na kwa miongo mingi karani au mkuu wa stesheni kwenye njia hii alikuwa Mhindi. Mpangilio wa siku ya kwanza haukuondoka reli ilipokwisha kujengwa.

7/ Mradi wa pili: 1915. Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wako upande wa pili wa Kilimanjaro, na Taveta wameshaiteka. Waingereza wakaanza kujenga reli kutoka Voi kwenda Maktau na kuendelea hadi Taveta. Ni vita, kwa hiyo haraka ikazidi ya kwanza. Wataalamu wa reli wakaletwa tena kutoka jeshi la India. Waafrika wakachukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, wengi kwa nguvu. Ilikuwa miaka 14 tu tangu reli ya kwanza ikamilike, na fundi bado alitoka nje.

8/ Sasa fanya hesabu hii. Reli ilifika Kisumu 1901. Chuo cha mafunzo ya reli cha Nairobi, ambacho bado kipo, kilifunguliwa 1956. Hapo katikati ni miaka 55. Waafrika walijifunza mengi wakiwa kazini, si ati hawakujua kitu. Lakini kujifunza kwa kuchungulia begani mwa fundi ni tofauti na kupelekwa darasani, ukapewa cheti, ukalipwa kama mwenye cheti.

9/ Mradi wa tatu wengi wetu tuliuona kwa macho: SGR. Ujenzi ulianza mwishoni mwa 2014, treni ya abiria ikazinduliwa 31 Mei 2017. Stesheni mpya ya Voi ikang'aa. Kazi zilikuwepo, tuseme ukweli: udereva wa lori, kufunga nondo, ulinzi, upishi, kuuza kokoto na mchanga. Vijana walijenga nyumba kwa pesa ile. Lakini usanifu, mashine kubwa na uendeshaji wa treni zilianza mikononi mwa Wachina.

10/ Mafunzo yalikuwepo pia. Mwaka 2016 kundi la kwanza la wanafunzi Wakenya lilipelekwa Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Beijing kusomea uhandisi wa reli. Jambo zuri sana. Sasa angalia tarehe. Wameondoka 2016, treni imeanza 2017. Shahada ya uhandisi haiishi kwa mwaka mmoja. Yaani reli iliwatangulia waliotakiwa kuiendesha. Ni 2021 ndipo Shirika la Reli lilipoanza kuchukua baadhi ya kazi kutoka kwa mwendeshaji wa Kichina.

11/ Kwa hiyo miradi mitatu, ugonjwa mmoja. 1896, 1915, 2014. Mradi unakuja na ratiba ya haraka, mafunzo yanakuja nyuma au sambamba, na mwenyeji anabaki na kazi zinazoisha siku ukuta unapokamilika. Tunaita hilo "kunyimwa". Wakati mwingine kweli tulinyimwa. Wakati mwingine hakuna aliyetuandaa, na siku ya kuajiri ikafika hakuna wa kuajiriwa. Haya ni makosa mawili tofauti na dawa zake ni tofauti.

12/ Kabla hujakata tamaa, nchi hii hii ina mfano wa mambo yaliyofanywa sawa: umeme wa mvuke wa Olkaria. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa miaka ya 1950 na havikuleta matunda. Kazi ikarudiwa miaka ya 1970. Mtambo wa kwanza, megawati 15, ukawasha taa 1981. Wa tatu uliingia 1985 na jumla ikawa megawati 45. Ni kidogo. Lakini huo udogo ndio uliokuwa darasa.

13/ Iceland ilifungua programu ya mafunzo ya jotoardhi, na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1979. Miezi sita: kuchimba, kupima mvuke, kemia ya maji, mazingira. Kenya ikawa inapeleka watu karibu kila mwaka, mpaka ikawa nchi yenye wahitimu wengi kuliko nyingine yoyote kwenye programu hiyo. Wengine walienda Auckland, New Zealand. Na jambo la maana: walirudi wakakuta mtambo unaowasubiri, mdogo lakini unafanya kazi, wa kushika kwa mikono yao.

14/ Kuanzia 2005 kozi fupi zikaanza kutolewa Kenya yenyewe, na wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingine za Afrika. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kikafungua taasisi yake ya jotoardhi. Leo jotoardhi inatoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme wetu, na KenGen imepata zabuni za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Yaani leo Mkenya ndiye mtaalamu mgeni kwenye mradi wa mtu mwingine. Ilichukua miaka 40 hivi, bila kelele za jukwaani.

15/ Sasa rudi kwa nyuklia. Watu wengi wanadhani mtambo wa nyuklia unaendeshwa na madaktari wa fizikia waliovaa makoti meupe. Hapana. Wahandisi wa nyuklia ni sehemu ndogo. Walio wengi ni mafundi wa umeme, mafundi mitambo, wachomeleaji, mafundi wa mabomba na vipimo, wakemia, wakaguzi wa ubora, walinzi wa mionzi, wazima moto. Kinu kimoja cha megawati 1,000 kinaweza kuhitaji watu mia kadhaa hadi elfu moja wa kudumu. Wakati wa ujenzi ni maelfu.

16/ Tofauti iko kwenye kiwango. Fundi wa kuchomelea lango la duka Voi na fundi wa kuchomelea bomba la nyuklia wanashika kifaa kinachofanana. Lakini huyu wa pili kila mshono wake unapigwa picha ya mionzi, na ukiwa na kasoro ndogo unakatwa unarudiwa. Naye anayekaa chumba cha kuongozea kinu anasoma miaka, anafanya mazoezi kwenye chumba cha mfano kinachoiga hitilafu, anafanya mtihani wa leseni, na anarudi kupimwa tena na tena. Hakuna njia ya mkato hapo, na wewe jirani wa mtambo hungependa iwepo.

17/ Waliofanikiwa walifanyaje? Korea Kusini ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa atomiki 1959, ikiwa nchi maskini iliyotoka vitani. 1962 ikawasha kinu kidogo cha utafiti, cha kufundishia. Mtambo wake wa kwanza wa umeme, Kori 1, ulianza kazi 1978, na ulijengwa na wageni. Kutoka darasa hadi umeme ni miaka 19. Desemba 2009 Korea hiyo hiyo ikashinda zabuni ya kuwajengea wengine vinu vinne.

18/ Wengine hao ni Falme za Kiarabu, kule Barakah. Hawa walikuwa na pesa, kwa hiyo walikimbia: mkataba 2009, kinu cha kwanza kikaunganishwa na gridi 2020, cha nne 2024. Lakini ona walichofanya. Ufadhili wa vijana wao kusomea nyuklia ulianza mwanzoni kabisa, kabla zege la kwanza halijamwagwa. Hata hivyo walihitaji wageni wengi kuanzia. Kama mwenye mafuta alihitaji wageni, atakayekuahidi kazi zote kwa wenyeji siku ya kwanza muulize amezipata wapi.

19/ Na Afrika je? Kinu cha kwanza cha nyuklia barani kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium. Kiliitwa TRICO I. Congo ndiyo iliyotoa urani ya Shinkolobwe iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya atomiki. Mwaka uliofuata Congo ikapata uhuru, na kwa hesabu inayotajwa sana, Wacongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Nchi ilikuwa na kinu cha nyuklia kabla ya kuwa na wahitimu wa kujaza basi moja.

20/ Sisi tuko wapi? Hatuko sifuri. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha sayansi ya nyuklia kwa miongo kadhaa. Wakenya wamesomea shahada ya uzamili Korea Kusini na kwingineko. 2015 wataalamu wa IAEA walikuja kukagua utayari wetu, na mafunzo ya watu ni moja ya mambo 19 wanayoyaangalia. Kujenga kinu cha utafiti kumezungumzwa. Kutoka 2010 hadi 2034 ni miaka 24, mingi kuliko ile 19 ya Korea. Muda tulipewa. Swali ni tunautumiaje.

21/ Hapa kuna hatari ya upande wa pili ambayo haisemwi jukwaani. Ufilipino ilianza kujenga mtambo wa Bataan 1976. Ulikamilika katikati ya miaka ya 1980, lakini haukuwashwa hata siku moja. Watu waliokuwa wamefundishwa kuuendesha wakatawanyika, wengi nje ya nchi. Ukifundisha watu kwa ajili ya mtambo ambao tarehe yake inasogezwa kila mara, unawasomeshea nchi nyingine. Ujuzi usioshikwa unasahaulika, na kijana wa miaka 26 mwenye shahada nzuri hawezi kungoja mpaka awe na 40.

22/ Kwa hiyo mafunzo ya busara ni yale yenye faida hata mtambo usipokuja. Mlinzi wa mionzi anahitajika hospitalini kwenye mashine za saratani. Anayepiga picha za mishono ya bomba anahitajika kwenye bomba la mafuta linalopita hapa. Wanaojua mionzi wanahitajika kwenye skana za makontena bandarini Mombasa. Fundi mwenye cheti cha kimataifa cha kuchomelea atapata kazi Mombasa, Olkaria au Qatar.

23/ Na hapo ndipo Voi inaporudi. Tuna Coast Institute of Technology, moja ya vile vyuo vya ufundi vya enzi za harambee, wazazi wakichanga. Tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati 2016, chenye uhandisi wa madini na kituo cha umahiri kilichojengwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani, Dresden na Freiberg. Mhandisi wa madini anajifunza miamba, maji ya chini, mlipuko, vumbi, usalama. Karibu yote hayo yanahitajika ukichagua eneo la mtambo wowote.

24/ Lakini kuwa na chuo tu hakutoshi. Tuulize tsavorite. Jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo yetu mwaka 1974, linachimbwa hapa Mwatate na kandokando. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mawe mengi bado yanaondoka ghafi na kukatwa Jaipur au Bangkok. Jiwe ni letu, jasho ni letu, lakini bei kubwa inabaki kwa aliyejua kulikata. Umeme wa nyuklia unaweza kufuata njia ile ile: ardhi yetu, bahari yetu, wasiwasi wetu, na ujuzi wa mtu mwingine.

25/ Kitu kingine kinachosahaulika ni mkaguzi. Tukisema "wafanyakazi wa nyuklia" tunafikiria wanaouendesha mtambo. Kuna pia wa kuufunga ukiwa hatari. Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019 iliunda mamlaka tofauti kwa kazi hiyo. Ikiwa wajuzi wote wataajiriwa na mwenye mtambo kwa mshahara mkubwa, nani atabaki kumkagua? Watu wa Uyombo wanaouliza kuhusu samaki na kasa hawajibiwi kwa matusi. Wanajibiwa na mtaalamu huru anayeweza kusema hapana.

26/ Basi wakija tena na kipaza sauti, wa upande wowote, waulize haya:
– Ni vijana wangapi wanafundishwa sasa hivi, na wanasomea nini hasa?
– Katika hao, mafundi wa diploma na cheti ni wangapi, si wenye shahada tu?
– Watafanyia wapi mazoezi kabla ya mtambo kujengwa?
– Mkataba wao unasema nini kuhusu kurudi, na wakirudi kazi iko wapi?
– Mamlaka ya udhibiti ina wakaguzi wangapi?
– Mradi ukiahirishwa miaka 10, hawa vijana watafanya nini?
Asiyekuwa na jibu hata moja anakuahidi kokoto.

27/ Hesabu ya mwisho. Mtoto aliyeingia Gredi 9 mwaka 2025 ana miaka 15 hivi. 2034 atakuwa na 24. Kama ni fundi wa kuchomelea wa kiwango kile, au mkemia, au mwendeshaji mwenye leseni, masomo yake ya hesabu na fizikia yanaamuliwa sasa, kwenye shule ya kutwa huko Mbololo au Sagalla ambayo pengine haina maabara. Samaki mkunje angali mbichi. Bajeti ya maabara hiyo haipigiwi makofi mkutanoni, lakini ndiyo mwanzo halisi wa "kazi ni za vijana wetu".

28/ Babu zetu waliitazama reli ikipita 1898 na hakuna aliyewauliza wangependa kujifunza nini. Hilo halikuwa kosa lao. Sisi tuna kura, tuna vyuo, na tarehe zimetangazwa mapema. Nyuklia ije au isije, hatutakuwa na kisingizio chao. Nimemaliza. Kama kuna mwaka nimekosea, nisahihishe hapo chini kwa heshima. Na kama ulifanya kazi SGR au ulisomea Iceland, tuambie ilikuwaje, ili uzi uendelee.